Unga wa Majani ya Mbugani

"Baba Gloria, lile shamba la mbugani umeshalipiga dawa?"

Mektilda aliuliza akiwa ameinama, anapakua ugali, na hakuwa na habari kwamba ameuliza kitu kizito. Ilikuwa Ijumaa, jua bado lipo juu ya migomba, na uani mwa Shija palikuwa pamejaa kama kawaida. Nyumba ile watu walikuwa hawaishi. Anayepita kwenda kisimani ataingia, anayetafuta mbuzi aliyepotea ataingia, na akishaingia hatoki kabla hajala na hajasema mawili matatu ya watu wengine. Siku hiyo alikuwepo mzee Masele, jirani wa ng'ambo ya korongo, amekaa kwenye kigoda na mkono ameshanawa.

Shija alimwangalia Masele kabla hajamjibu mkewe.

"Dawa? Dawa ya kutoka wapi?" akasema. "Makampuni yenyewe haya ya pamba ya siku hizi, si mnayaona. Yanakuja wakati wa kununua tu."

"Ni kweli kabisa," akasema Masele, akimega tonge. "Enzi za chama cha ushirika dawa ilikuwa inakuja, bwana shamba anapita na baiskeli yake, kijiji kizima tunapiga siku moja. Na kitambaa chekundu kwenye mti. Wiki nzima hakuna mwanamke wa kuchuma mboga shambani. Sasa bwana shamba mwenyewe wamempunguza kazini, anauza sabuni Bariadi."

"Basi kama hujapiga," Mektilda akasema, "nitakwenda na wenzangu tukachume kunde za kule. Nina kazi nyingi ya unga."

Shija akatikisa kichwa, kichwa ambacho hakikusema ndiyo wala hapana, akaomba mchuzi.

Sasa ukweli ni huu. Asubuhi ile ile ya Ijumaa, kabla umande haujakauka, Shija alikuwa ametoka mbugani na bomba mgongoni. Alikuwa amepiga shamba lote, mstari kwa mstari, pamba na kunde zilizopandwa katikati yake. Dawa aliipata kwa karani wa kampuni moja, aliyempimia kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa mbili za bia, kwa ahadi kwamba pamba yake haitakwenda kwa mnunuzi mwingine. Moja ilikwisha, nyingine aliichomeka kwenye nyasi za paa la banda. Kitambaa hakufunga. Ukifunga kitambaa ni sawa na kupiga mbiu kwamba unayo dawa, na ukishakuwa nayo watakuja: nipimie kifuniko kimoja tu, ng'wanawane, pamba yangu inaliwa na funza. Utamnyima nani? Na wa kwanza kabisa kuja, Shija alivyomjua, angekuwa huyu huyu mwenye tonge mkononi.

Akasema moyoni atamwambia mkewe Masele akiondoka. Masele hakuondoka mapema. Alikaa akahadithia kesi ya mahari ya watu wa Nkoma, kesi tamu, hata mama yake Shija, bibi Kwandu, akatoka ndani na kigoda chake kuja kusikiliza. Mpaka Masele anaaga, Mektilda alikuwa ameshalala. Na jogoo wa kwanza wa Jumamosi alimkuta Shija njiani kuelekea Sola, kwa kaka yake, kumfuata maksai wa kulimia. Alijiambia hakuna haraka. Majani ya bustanini si bado yapo?

Hayakuwepo. Bustani ilikuwa imebaki vijiti. Hilo hakulijua.

*

Unga wenyewe ulianzia kliniki. Gloria, kitinda mimba wa Mektilda, alikuwa mtoto wa kukaa kwenye nyekundu. Kila mwezi nesi Wilhelmina akiweka alama kwenye kadi, alama inaangukia chini, na akina mama kwenye benchi wananyoosha shingo kuangalia kadi ya mwenzao. Hakuna aibu kama ile. Ndipo nesi akamfundisha: chuma majani ya kunde, changanya na ya mlonge ukiyapata, osha maji mawili, anika kivulini, siyo juani, na usichemshe. Yakikauka yakabaki kijani, twanga, chekecha, weka kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto.

"Mle ndani mna madini ya chuma, hayo ndiyo yanaleta damu," nesi alisema. "Mna vitamini ya macho. Mna ya kujenga mwili. Mnayo mashambani mwenu mnakanyaga, halafu mnakuja kuniomba vidonge."

"Sisi majani tunachemsha," bibi Kwandu alibisha alipoletewa habari hiyo nyumbani. "Nsansa inachemshwa, maji yanamwagwa, ndipo inaanikwa. Majani mabichi anakula mbuzi."

"Mayu, ukichemsha vitamini zinakwenda na maji."

"Na vingine vibaya je, haviendi na maji?"

Mektilda alicheka. Lakini miezi mitatu baadaye Gloria alikuwa kwenye kijani, na mashavu yamejaa, na habari ilishatembea. Waliokuwa wananyoosha shingo wakaanza kuja na vikopo. Mwalimu mkuu akatuma mtoto. Wazee wawili wakaja kwa siri kuuliza kama damu hiyo inayoongezeka inashuka mpaka chini, wakaambiwa wajaribu waone. Mwisho kabisa nesi mwenyewe akamwomba ndoo moja kwa ajili ya Alhamisi, siku ya kupima watoto, ili apike uji mbele ya akina mama wote waone kwa macho. Mektilda aliyekuwa akiificha kadi ya mwanawe kwenye kitenge, leo ndiye wa kusimama mbele na mwiko.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi walikwenda mbugani wanawake saba. Walikwenda wakiimba. Violeth, binti wa Masele, aliyerudi kwa baba yake na mtoto wake Shida baada ya ndoa kumshinda, ndiye alikuwa wa kwanza kujaza kapu. Kunde zilikuwa nzuri ajabu, hazina hata tundu moja la mdudu.

"Shamba la mumeo limebarikiwa," Violeth akasema. "Hata panzi hakuna."

"Panzi wanamwogopa mwenye shamba," akasema mwingine, wakacheka.

Kulikuwa na harufu. Kila mmoja aliisikia, na kila mmoja alidhani ni jasho la mwenzake. Lambo lilikuwa mbali na makapu yalikuwa kumi na mawili. Nani angeosha maji mawili? Wakayakung'uta vumbi, wakayabeba.

Jioni Violeth akatapika. Kichwa kilimgonga, mate yakamjaa mdomoni, akalala mpaka Jumapili mchana. Mtaa mzima ukawa umeshaelewa kabla hajaamka.

"Ndoa imekwisha lakini mambo hayajakwisha," wakasema kisimani. "Hiyo ni mimba. Swali ni ya nani."

Walitaja majina matatu. Hakuna aliyetaja majani.

*

Shija alirudi Jumanne na maksai wake, na alipofika kwenye boma akasikia michi. Uani wanawake walikuwa wanatwanga, wamejifunga khanga puani, kope zimekuwa kijani. Gunia moja lilikuwa limeshajaa na kushonwa.

"Mwadila," akasalimia.

"Mwadila, bhabha! Mhola huko Sola?"

"Mhola. Majani haya ni ya wapi?"

"Ya mbugani," Mektilda akajibu bila kuacha kutwanga. "Si ulisema hujapiga dawa?"

Michi ikasimama. Siyo kwa sababu yoyote, ni ile tu mtu akiulizwa swali mbele ya watu, watu wanataka jibu. Macho ya wote, ukimwacha Mektilda aliyekuwa anapangusa jasho, yalimwelekea Shija. Ya Violeth yalikuwemo, na Violeth angelifikisha jibu kwa baba yake kabla ya ugali wa jioni. Shija alikuwa bado kashika kamba ya ng'ombe.

"Sawa," akasema. Akampeleka ng'ombe zizini.

Kule zizini alikaa muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Alihesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Labda umande umeosha. Labda jua limechoma. Watu wanakula vitu vingapi na hawafi? Lakini alikumbuka karani alivyokuwa amevaa mfuko wa nailoni mkononi wakati wa kumpimia, na alivyoutupa ule mfuko mbali.

Jumatano asubuhi Mektilda alimpikia Gloria uji na kuweka kijiko cha unga mpya, akamwachia bakuli kwenye mkeka. Shija alitoka ndani, akalinyakua bakuli mtoto hajafikisha mdomoni, akaumwaga uji wote uani.

"Kulikoni?" Mektilda akasimama.

"Uliingia inzi."

"Inzi mmoja ndiyo umwage uji wa mtoto?"

Gloria alikuwa analia, mikono bado imekaa umbo la bakuli. Shija akaingia ghalani, akaliburuta lile gunia mpaka zizini, akalikata kwa panga, akaumwaga unga wote kwenye samadi, na ng'ombe wakaukanyaga.

Kelele zilizopigwa siku hiyo zilisikika ng'ambo ya korongo, na baada ya dakika chache uani palijaa. Hawa ndio watu wa kwetu, wanakuja kwenye ugomvi kama wanavyokuja kwenye harusi. Shija akasimama mlangoni mwa zizi, kijani mpaka magotini, akasema yale ambayo alijua yataeleweka upesi.

"Mke wangu hatauza majani kama mtu asiye na mume! Nimechoka. Wanaume wananitumia watoto, 'tunaomba unga kwa mama Gloria.' Mama Gloria, mama Gloria! Mimi hapa sina jina?"

"Aaa," watu wakaitikia, wamepata walichokuja kukitafuta. "Ni wivu."

"Wivu wa mwanamume ni mbaya, unamwaga hata chakula."

"Mwanangu," bibi Kwandu akasema mbele ya wote, "baba yako alikuwa mkali, lakini chakula hakukimwaga. Umeniaibisha."

Shija aliinamisha kichwa, na huwezi kuamini, ndani yake alipumua. Waseme wivu. Waseme roho mbaya. Unga umekwisha, mambo yamekwisha, na hakuna atakayejua.

Mektilda hakulia wala hakujibu. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Wasichojua ni kwamba ndoo ya kliniki ilikuwa imeondoka nyumbani Jumanne jioni kichwani kwa Violeth, ipo kabatini kwa nesi Wilhelmina, na kufuli juu. Mektilda aliyameza maneno ya ndoo makusudi. Angeyasema, mume huyu angekwenda kuimwaga na hiyo.

*

Alhamisi Shija alikuwa anakata miiba ya kuzibia zizi. Saa nne hivi akarudi kunywa maji, akakuta nyumba kimya. Kimya cha nyumba ile kilikuwa kitu cha kushtua. Hata bibi Kwandu alikuwa anaonekana mdogo, peke yake pale kibarazani.

"Mayu, wako wapi?"

"Wamekwenda kupima watoto. Leo mkeo ndiye anawapikia uji."

"Uji wa nini?"

"Wa majani yake hayo. Ulidhani umemwaga yote? Mwanamke ana mfuko wa—"

Hakusikia mwisho wake. Baiskeli haikuwa na breki, na siku hiyo hakuzihitaji. Njia ya zahanati ni ya mchanga, mara nne alishuka akakimbia nayo mkononi.

Alipofika walikuwa wamekaa chini ya ukuta wenye kivuli, akina mama arobaini na zaidi. Sufuria kubwa lilikuwa mezani na Mektilda nyuma yake, amevaa gauni la kanisani. Vikombe vilikuwa vinapita. Nesi Wilhelmina alikuwa anaeleza, "...na mtoto mwenye damu hata malaria ikimpata, anakuwa na cha kupambana nacho..."

"Msiwape!" Shija akapiga kelele. "Acheni! Msiwape watoto!"

Kikatoka kicheko. Kilianza kwa mmoja kikaenda mstari mzima.

"Bwana wivu kafika!"

"Mpeni na yeye kikombe, labda ana njaa."

"Baba Gloria," nesi akasema kwa sauti ya ofisini, "hapa ni mahali pa serikali. Mambo ya chumbani—"

"Nilipiga dawa," Shija akasema.

Walio mbali hawakusikia, wakaendelea kucheka. Nesi alisikia.

"Dawa gani? Wapi?"

"Ya pamba. Mbugani. Majani haya yana dawa."

"Lini?"

"Ijumaa."

Mektilda aliuweka mwiko mezani taratibu. "Ijumaa nilikuuliza," akasema.

"Mzee Masele alikuwepo..."

"Nilikuuliza, Shija." Hakuwahi kumwita jina lake mbele ya watu. "Ukasema dawa ya kutoka wapi."

"Ningekwambia. Nilitaka kukwambia."

Mektilda alikuwa anamtazama, lakini akili yake ilikuwa inarudi nyuma, na kila mmoja aliyekuwa karibu aliona ilipofika. "Jana," akasema. "Jana ulimnyang'anya Gloria bakuli. Ulikuwa unajua. Wa kwako ulimnyang'anya, ukanyamaza."

Gloria alikuwa amekaa miguuni pake na kikombe kitupu, anasubiri. Mektilda alikuwa hajampa. Alitaka watoto wa wenzake waanze.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameshakunywa. Nesi aliwapanga upesi, hakupaza sauti, na utulivu wake ndio ulioogopesha watu. Wawili walikuwa wametapika na akina mama walidhani ni kukimbilia uji wa moto. Wa tatu alikuwa Shida, mtoto wa Violeth. Violeth ndiye aliyekoka moto tangu asubuhi, kwa hiyo mtoto wake alipata kikombe cha kwanza, na baadaye cha pili. Alikuwa amelegea begani kwa mama yake, mate yanamtoka kama maji, mgongo umelowa jasho. Nesi akamfungua jicho kwa kidole. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Huyu aende Bariadi," akasema. "Sasa hivi. Wengine nabaki nao hapa."

*

Gari iliyopatikana ilikuwa pikapu ya kampuni, ile ile iliyokuwa inazungusha dawa vijijini. Pipa lilikuwemo nyuma, limefungwa kamba. Karani, yule yule aliyempimia Shija, alitaka kukataa, akaona nyuso za wanawake wale, akafungua mlango.

"Hospitali watataka kujua ni dawa gani," nesi akamwambia. "Jina lake."

"Ya pamba," akasema karani.

"Najua ni ya pamba. Jina."

"Sisi tunaletewa kwenye pipa, sista. Karatasi ilishabanduka. Ni ya pamba."

Violeth alipanda mbele na mtoto. Mzee Masele, aliyeitwa shambani, alifika mbio akapanda nyuma, na Shija akapanda kabla hajaambiwa. Walipita nyumbani kwa Shija mara moja, akaingia bandani, akaichomoa ile chupa ya pili kwenye nyasi za paa. Masele alimtazama akiitoa. Akatazama na mahali ilipokuwa. Njia nzima ya kwenda Bariadi walikaa wakitazamana na pipa katikati yao, na kila gari iliporuka shimo, Masele aligonga kioo cha mbele kuuliza, na Violeth aligeuka akaitikia kwa kichwa kwamba bado anapumua.

Hospitalini daktari, kijana mwembamba, aliipokea chupa akaigeuza huku na huku kutafuta maandishi. Ilikuwa chupa ya bia, basi.

"Inaitwaje?"

"Sijui, daktari."

"Ulipiga shambani kwako kitu ambacho hukijui?"

"Tulipimiwa."

Daktari akafungua kizibo, akanusa kwa mbali, akafunga haraka. Akamwambia muuguzi jina la sindano, akaingia naye ndani, na Violeth akaingia nyuma yao. Mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili kwenye benchi la ukutani. Watu walipita na mashuka, na vyungu vya uji wa wagonjwa, wakawasalimia, nao wakaitikia. Shija ndiye aliyeanza.

"Mzee, nisamehe. Niliogopa utaniomba."

"Nitakuomba nini?"

"Dawa. Zilikuwa chupa mbili tu. Nikasema mzee Masele akijua ninayo, atataka nimpimie, na siwezi kumnyima. Ndiyo maana siku ile..." Akaacha.

Masele alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu mfukoni na haoni.

"Nipige dawa nini?" akauliza. "Mimi mwaka huu sikupanda pamba. Hata mche mmoja. Nimepanda mpunga. Hukuona?"

Mashamba yao yalipakana. Shija alipita pale kila siku, na Ijumaa ile alipita na bomba lake mgongoni, akiangalia kama kuna mtu anamwona.

Ndani kulisikika kitu cha chuma kikianguka sakafuni, na hatua za mtu anayekimbia. Halafu mlango ukafunguka nusu, muuguzi akatoa kichwa.

"Ndugu wa mtoto Shida," akasema.

Masele akasimama. Shija naye akainuka. Yule mzee akamgeukia, akamwekea mkono begani, bila ukali wowote, kama anavyofanya mwenye nyumba kwa mgeni.

"Wewe kaa," akamwambia, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.